Mikono ya Mama Kwenye Kitambaa Cheupe

Kazi ya sinema niliingia kwa mlango wa cherehani. Nilikuwa msichana wa kambi ya reli, hapa Kamina, katika miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Baba yangu alikuwa mchochea moto kwenye gari-moshi. Alitoka Kasai akiifuata reli, akaoa hapa. Mama alikuwa wa hapa hapa, Mluba wa kijiji kilicho nyuma ya misheni, na hata baada ya kuolewa kambini hakuliacha shamba lake la mihogo. Mimi masista walinifundisha kusoma, kisha wakaniweka kwenye chumba chao cha kushonea, nikawa natia vifungo mashati ya watu nisiowajua.

Jumapili mchana padri mmoja mzee alikuwa akionyesha sinema katika ukumbi wa misheni. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, kitambaa cheupe kikatandazwa ukutani, nasi tukabanana kwenye mabenchi tukitazama maisha ya watakatifu, mashamba ya Ulaya, na wanaume wa huko wakianguka ovyo ili watu wacheke. Filamu zenyewe zilikuwa zimezeeka. Zilikatika kila mara, mlango ukafunguliwa ili mwanga uingie, padri akahangaika na mkanda huku vijana wakipiga miluzi. Siku moja akaja kwenye chumba cha kushonea akamwambia sista mkubwa, "Niazime msichana mwenye vidole vitulivu." Sista akanitazama mimi.

Kuunga filamu hakutofautiani sana na kushona. Unakwangua ukingo kwa wembe mpaka rangi itoke, unapaka gundi yenye harufu ya kupanda kichwani, unabana, unangoja. Ukikwangua kidogo, haishiki. Ukikwangua sana, umeitoboa. Nilifanya kazi hiyo kwenye meza ya padri karibu na dirisha, na kwa kuwa kila kipande lazima ukiinue kwenye mwanga ili ujue mahali pa kukata, nikaanza kuzitazama zile picha ndogo moja moja. Ng'ombe ameinua mguu. Picha inayofuata, mguu ule ule, juu kidogo tu. Nilikaa nayo hiyo hata sista akatuma mtu kuuliza kama nimelala.

Padri alikuwa pia na kamera yake, ndogo lakini nzito, ya kukazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Ukiikaza mpaka mwisho ilikwenda muda wa Baba Yetu moja inayosomwa taratibu, halafu ikasimama yenyewe. Mbele ilikuwa na macho matatu ya kioo, moja la kuona mbali, moja la karibu, moja la kuchukua uwanja mzima. Kwa kamera hiyo alipiga picha za maandamano, za wanafunzi, za nyumba mpya zilizojengwa. Filamu ikishajaa ilitiwa kwenye kopo, ikapanda gari-moshi kwenda kusini, ikavuka hadi Ulaya kuoshwa ili picha zitokee, na baada ya miezi ilirudi.

Mwaka wa pili tangu nianze kuunga filamu, ilirudi filamu ya maandamano ya Sakramenti, na katika picha zile kanisa zima lilikuwa linatikisika. Padri aliitazama mpaka mwisho. Kisha aliiweka mikono yake miwili mezani mbele yangu, kama mtu anayeonyesha kuwa hakuiba kitu, nikaona inatetemeka. Nilikuwa nimeshaiona ikitetemeka kwenye misa. Hakuna aliyethubutu kulitaja jambo lile.

"Mwanangu," aliniambia, "shika wewe."

Ndivyo nilivyoshika kamera. Alinifundisha kuitia kamera filamu ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, mikono ikifanya kazi gizani na macho yakitazama pembeni. Alinifundisha kubana viwiko mbavuni na kuzuia pumzi. Mengine nilijifunza kwa kukosea na kungoja miezi niyaone makosa yangu. Nilijifunza kwamba saa sita jua la Kamina hugeuza uso wa mtu mweusi kuwa shimo lenye meno, basi nikawa nawapiga watu asubuhi mapema au jua likishalegea. Nilijifunza kumwomba mtu ashike shuka jeupe la masista pembeni, nje ya picha, ili mwanga urudi usoni pa anayepigwa. Padri alikubali yote hayo. Alikuwa mtu wa kufurahi kwa sauti. Filamu ikirudi na nyuso zinaonekana, alipiga meza kwa kiganja.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Baba alikuwa amerudi kutoka safari, masizi bado yamo kwenye mikunjo ya shingo, padri alipokuja kumwomba ruhusa. Alimpa kiti, akamsikiliza kwa heshima, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akamwambia mama:

"Mashini ya kupiga sinema, njo kazi ya mwanamuke? Bantu ba kambi batasema nini?"

"Batasema," mama alijibu. "Hata sasa banasema. Umuache aende. Mutoto iko na mikono ya muzuri."

Baba hakusema ndiyo. Alikula bukari yake, ugali wetu wa muhogo, akaenda kulala, na kwa baba ile ndiyo ilikuwa ruhusa.

Nilifanya kazi ile miaka kadhaa. Nilipiga magari-moshi yakipangwa kituoni, na wanaume wakitembea juu ya mabehewa kama watu wanaotembea ukumbini kwao. Nilikwenda na padri Kaniama kupiga ng'ombe na mahindi, tukarudi na vumbi jekundu ndani ya kila kitu. Nilikwenda Bukama, kwenye Lualaba, kupiga mitumbwi na samaki waliotandazwa juani, na mama mmoja muuza samaki aliwaita wenzake kwa sauti kubwa, "Mukuje muone! Mwanamuke anabeba bunduki ya bazungu!" Wote wakaja, wakasimama mbele ya kamera, na nilichopata siku ile ni picha ya watu wanaonitazama. Wazungu waliotukuta njiani walisimama pia. Walimpongeza padri kwa kunifundisha. Mmoja aliuliza kama naelewa ninachofanya, akamwuliza padri, siyo mimi.

Mwanzoni mwa kila filamu liliandikwa jina la misheni, basi. Sikuona kasoro. Haikuwa imenijia akilini kwamba jina la mtu kama mimi linaweza kuandikwa mahali pale. Baadaye sana niliambiwa kwamba huenda nilikuwa mwanamke wa kwanza katika nchi yetu kufanya kazi hiyo. Huenda. Sijui ni nani angeweza kujua, na sijui ningefanya nini na habari hiyo.

Sasa nieleze habari ya mihogo.

Ofisi moja ya serikali, huko mji mkuu, ilimwomba padri picha za wanawake wa huku kazini: muhogo kutoka shambani mpaka kwenye sahani. Walisema zitatumika kufundishia. Padri alikuwa kitandani na homa siku zile, mikono haiwezi hata kushika kikombe, akanituma peke yangu. "Wavae nguo za kazi," aliniambia. "Wameandika hivyo. Hawataki nguo za Jumapili."

Nilikwenda kijijini kwa mama, nikawaomba wanawake. Mmoja alisema mume wake hataki. Mwingine alisema kitu kile kitamchukua kivuli. Wa tatu alikubali, lakini kila nilipoinua kamera alijifunika uso na kucheka mpaka akaketi chini. Mama yangu alikuwa amesimama pale na jembe begani.

"Unipige minyi," alisema akijigonga kifua. "Minyi ni mama yako. Sitakukimbia."

Kesho yake alikuja amevaa kitenge chake kipya na kilemba cha kanisani. Nilimwambia padri anataka nguo za kazi. Alijitazama kwanza, akatazama kamera.

"Bantu bataniona na nguo ya kulimia?"

"Njo bantu batajua kama hii ni kazi ya kweli, mama."

Akarudi ndani akabadilisha, akatoka na kile kitenge kilichopauka, kimefungwa fundo kifuani, na miguu mitupu.

Nilimpiga asubuhi tatu. Nilimpiga aking'oa muhogo, akiinama na mgongo wake mrefu, akitikisa udongo. Nilimpiga akimenya, kisu kikienda chenyewe huku akiongea na jirani. Kisha tukashuka kwenye dimbwi pale kijito kinapopinda, ambako mihogo huloweshwa siku kadhaa mpaka ilainike. Anayejua dimbwi la mihogo anajua harufu yake, na anajua nzi wake. Ni harufu ya chakula kinachokuja. Sisi hatuisikii hata kidogo. Dada yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia akaacha binti mdogo, na mtoto huyo mama alikuwa akitembea naye kila mahali. Siku ile alikuwa ameketi ukingoni, ana mafua, anachezea ganda. Alianza kulia. Mama alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, mihogo iliyolainika mikononi. Alimgeukia, akamwinamia, akampangusa pua kwa nyuma ya mkono wake, pole pole, akamwambia neno ambalo mashine haikulisikia. Mtoto akanyamaza akimtazama. Mama akarudi kwenye mihogo yake. Jua lilikuwa linaingia kati ya majani. Maji yalirudisha mwanga usoni pake kuliko shuka lolote la masista. Kamera ilikimbia mpaka ufunguo ukaisha.

Nilipoinua jicho kutoka kwenye kioo nilijua kwamba sijawahi kupiga picha kama ile.

Kopo likaondoka. Miezi ikapita, mvua zikaja zikaisha. Mama aliniuliza mara kwa mara, "Ile sinema yangu ilifika wapi?" Nilimwambia iko njiani. Aliwaambia wanawake wenzake sokoni kwamba siku si nyingi watamwona ukutani, mkubwa kama mnara wa kanisa, na wao walimtania kwamba pua yake peke yake itaujaza ukuta.

Ikaja mwanzoni mwa kiangazi, pamoja na mtu. Ofisi ilimtuma msemaji, kijana wa mjini, mweusi kama sisi, suti nyeupe, viatu vyenye kung'aa, na kipaza sauti chake ndani ya sanduku. Filamu za siku zile hazikuwa na sauti ya lugha yetu. Msemaji alisimama karibu na kitambaa akasoma maneno kwenye karatasi aliyopewa. Alikuja asubuhi, akala na mapadri, na mchana ukumbi ukajaa. Hatukupata nafasi ya kuiangalia filamu kwanza. Padri mwenyewe alikuwa na furaha. Aliwaambia watu kwa kinywa chake kwamba picha hizi zimepigwa na binti yao, wakapiga makofi, nami niliyekuwa nimesimama nyuma kwenye mashine ya kuonyeshea sikujua pa kutazama. Mama alikuwa ameketi benchi la tatu. Safari hii alikuwa amevaa kitenge chake kipya. Baba alikuwa safarini.

Niliwasha mashine. Mama akatokea kwenye kitambaa, na jembe lake.

"Njo minyi!" alipiga kelele. "Yo! Muangalie, njo minyi!"

Ukumbi mzima ukashangilia. Wanawake walimpiga piga mabega. Nilimwona kwa nyuma, kilemba kikigeuka huku na huku, akitaka kila mtu awe ameona.

Kisha picha ikaenda moja kwa moja kwenye dimbwi. Kung'oa kulikuwa kumekatwa, kumenya kumekatwa. Nzi walikuja wakubwa, karibu kabisa. Sikumbuki kuwapiga karibu vile, na nadhani watu wa ofisi waliwatoa kwenye filamu nyingine wakawaunga pale. Na msemaji akaanza kusoma.

"Muangalie uyu mama," alisema kwenye kipaza sauti. "Muangalie mikono yake. Anapangusa kamasi ya mutoto. Sasa anafanya nini? Anarudisha mukono ule ule mu muhogo!"

Mtu mmoja akacheka. Kisha benchi zima.

Wale wa ofisi walikuwa wameirudia picha ile. Hilo ndilo nililokuwa sijalijua, kwamba picha moja inaweza kuungwa mara mbili, mara tatu. Mkono wa mama ukaenda kwenye pua ya mtoto, ukarudi kwenye maji. Ukaenda tena, ukarudi tena. Na kila mara msemaji alitulia kidogo, watu wakacheka, naye akaendelea. "Mama muchafu. Bukari ya namna hii njo inaingiza kifo mu nyumba. Uyu mutoto, munazani atakuwa muzima?"

Sikumbuki kuamua. Nilikuta mkono wangu umezima mashine. Ukumbi ukawa giza, miluzi ikaanza. "Endelea! Endelea!" Msemaji aliuliza kwa sauti kama filamu imekatika. Padri alikuwa ameinuka kitini mwake karibu nami, nikamsikia akihema.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mama, kutoka benchi la tatu, wala hakuipandisha.

"Acha iende, mutoto. Nataka kuona mwisho yake."

Nikaiwasha. Ningefanya nini kingine? Watu mia waliokuwa mle walitaka iendelee, mwenye filamu alitaka iendelee, na mama yangu mwenyewe aliniagiza. Ikaenda. Akaja mwanamke mwingine, wa mjini, blauzi nyeupe, ndani ya nyumba yenye meza. Alinawa mikono kwa sabuni, akachemsha maji, akamlisha mtoto kwa kijiko. "Njo mama wa muzuri," msemaji alisema. "Mama wa akili." Filamu ikaisha, mkia wa mkanda ukawa unapiga kwenye gurudumu, tap, tap, tap, nami nimesimama naushikilia mlango wa mashine.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama, mtoto mgongoni, na mimi. Alisalimia kila aliyetusalimia. Karibu na visima aliniuliza, "Uyu mama wa pili, kwao ni wapi?"

"Sijue, mama. Hata minyi sijamuona."

"Blauzi yake, anaifua muzuri," alisema.

Akamkaza mtoto mgongoni, tukaendelea.

Sokoni hawakuchelewa kumpa jina. Mama Nzi. Watoto walianza, watu wazima wakafuata, wengine kwa ukatili, wengine kwa mazoea tu, kama mtu anavyoitwa kwa jina la mwanawe. Wanunuzi waliopita kwenye unga wake waliuchota, wakaunusa, wakaurudisha. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walilowesha mihogo kwenye dimbwi lile lile. Baada ya muda mama aliacha kwenda sokoni. Unga aliuzia jirani mmoja, na jirani akauuza kama wake.

Baba alizipata habari Bukama, wala si kwetu. Filamu ilikuwa imeshapanda reli. Alikuwa ameketi na wenzake wakingoja injini inywe maji, mmoja akamwuliza, "Mzee, bibi wa mu sinema ule, njo wako?" Alirudi nyumbani hakuoga. Alivaa koti lake la kanisani juu ya masizi akaenda kwa mkubwa wake Mzungu kituoni, akasimama mlangoni kofia mkononi, akaeleza. Mkubwa alimsikiliza. Kisha, baba alituambia, alicheka, wala si kwa ubaya, akamwambia afurahi, mke wake ni maarufu sasa. Akampa sigara.

Baba alinigeukia mimi. "Ile filamu iko wapi leo? Kaniama? Nitamwambia muntu wa behewa aiangushe mu moto. Nitaichoma minyi mwenyewe."

Ilibidi nimweleze. Nilikuwa nimemwuliza padri jambo lile lile siku mbili kabla. Filamu iliyoonyeshwa kwetu ilikuwa moja ya nyingi. Ile ya asili imekaa Ulaya, na kutokana nayo wanaweza kutoa nyingine kadiri wapendavyo, nazo zilikuwa zimeshatumwa majimbo mengine, mpaka mahali ambapo hakuna anayejua Kamina ni nini.

"Beko na mama yako ngapi?" baba aliuliza.

"Sijue, baba."

Sigara ya mkubwa ilikuwa bado nyuma ya sikio lake.

Padri alijaribu. Nataka kulisema hilo kwa haki. Aliwaandikia watu wa ofisi akiwaomba waikate sehemu ile, wakajibu kwa adabu kwamba filamu ni mali yao na inafanya kazi nzuri, itapunguza vifo vya watoto. Alinisomea hayo akiwa ameketi kitandani. "Na huenda ni kweli," alisema, "hilo ndilo linaloniumiza. Huenda ni kweli." Nilijua kunawa mikono ni jambo jema. Nilijua pia kwamba yule mtoto wa dada yangu, ambaye ukumbi mzima uliulizwa kama atapona, alikuwa ameshapona mafua yake zamani na sasa anakimbiza kuku.

Ni padri aliyetoa shauri la kumpiga mama upya. Palikuwa na filamu moja imebaki. "Mpige anavyotaka yeye," alisema. "Hiyo hatutampa mtu." Nilidhani mama atakataa. Alifikiri siku nzima, jioni akasema sawa.

Aliketi kwenye kiti mbele ya nyumba, kitenge kipya, kilemba, viatu vya kuazima. Mtoto alimsimamisha pembeni, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Baba alishika shuka. Nilikaza ufunguo, nikainua kamera, na mama akaacha kuwa mama. Alikauka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilimwambia aongee, akafunga mdomo. Nilimwambia amwangalie mtoto, akaangalia kamera. Mikono yake aliificha chini ya kitenge. Niliipiga hivyo hivyo, nusu ya filamu, nikamwambia nusu nyingine tutapiga siku nyingine, akishazoea. "Muzuri," alisema, akaenda kuvua viatu.

Siku nyingine haikufika. Padri alizidiwa, wakampeleka kwao kwa ndege. Asubuhi ya kuondoka nilimfunga vifungo vya koti, kwa kuwa hakuweza tena, akasema kamera ibaki na mimi. Aliyasema mbele ya wenzake. Lakini maneno ya mgonjwa ni maneno ya mgonjwa, na kamera ilikuwa ya misheni. Ikafungiwa kabatini mpaka aje padri mpya.

Alikuja kijana, mwenye nguvu, mpenda mpira. Siku ya kwanza alitaka kuona kila kitu. Niliitwa kutoka chumba cha kushonea nimwonyeshe kabati. Alitoa kamera, akatoka nayo uani, mchana kweupe, akaigeuza geuza kwa furaha. Nilianza kusema, "Mon père, tafadhali, ndani iko..." Kidole chake kilikuwa kimeshafungua kifuniko.

Filamu ikachungulia nje, rangi ya maziwa yaliyochacha. Aliivuta kidogo aone kama ni nzima, ikamfuata mkono, mviringo baada ya mviringo, ikalala juani kwenye mchanga. "Ah," alisema, "ilikuwa na kitu?"

"Ilikuwa na mama yangu," nilisema.

Alisikitika kweli. Aliweka mkono begani kwangu, akasema tutampiga mama tena, ukiletwa mkanda mwingine. Nilikusanya ile filamu kwenye aproni kwa kuwa haikuwa vyema kuiacha uani. Kuosha kusingesaidia; jua lilikuwa limekwisha kula yote. Nilisema ahsante. Ndilo neno lililokuja.

Mkanda mpya ulipofika, pamoja nao alikuja mwanamume kutoka mjini, aliyeajiriwa kuwa mpiga sinema wa misheni. Padri kijana alinieleza kwa upole kwamba kazi hii sasa ina safari nyingi, malori, kulala njiani, haimfai msichana anayekaribia kuolewa, na kwamba masista wananihitaji. Aliniomba jambo moja: nimfundishe yule bwana mfuko mweusi, kwa kuwa mashine ile hakuijua.

Nilimfundisha. Ningefanyaje? Alikuwa mtu wa adabu, aliniita dada, aliandika kila nilichosema. Nilimfundisha kubana viwiko na kungojea jua lilegee. Nilimfundisha habari ya shuka. Alijifunza haraka, na wiki ya pili hakuwa na haja nami, nikarudi kwenye mashati.

Jioni hiyo tulikuwa tunakula, baba hayupo, mtoto amelala kwenye mkeka. Mama alinisogezea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Ule bwana," alisema, "anajua sasa?"

"Anajua, mama."

"Ataanza kupiga nani?"

"Wachezaji wa mpira. Banaume ba reli."

Mama akafinyanga tonge lake, akalichovya, akalishika bila kulipeleka mdomoni.

"Bale batafurahi," alisema. Kisha akala, nami nikala.